Michango ya bima na pensheni ya watumishi wa mapato ya ndani: nianzie wapi?

MamaUtumishi

Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ni afisa utumishi kwenye halmashauri moja ya jiji hapa Tanzania, naomba nisiitaje. Wale wanaolipwa na Hazina hawanipi shida, kwa sababu michango yao inakatwa hukohuko juu na kupelekwa. Wanaoninyima usingizi ni watumishi wa mkataba 187 tunaowalipa wenyewe kwa mapato ya ndani: madereva wa magari ya taka, wafagizi wa masoko, wakusanya ushuru wa stendi, walinzi na wahudumu wachache wa zahanati.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilifika ofisini saa moja na robo nikamkuta dereva mmoja amesimama mlangoni. Hakukaa nilipomkaribisha. Alitoa hati ya mshahara mfukoni, imekunjwa mara nne, kwenye mkunjo imeingia alama ya dole lenye oili. Akaifungua juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa Bima ya Afya: 15,600. Akaweka na risiti ya hospitali pembeni: 48,000, taslimu. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa na malaria kali Jumamosi usiku, na pale dirishani wakamwambia kadi haifanyi kazi, mwajiri hajawasilisha michango. Alikopa kwa mwenzake wa zamu. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, hii elfu kumi na tano na mia sita inakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nafuatilia. Nimefuatilia, na nilichokikuta ndicho kinanileta hapa.

Hesabu zetu ziko hivi. Mwaka jana wa fedha mishahara ya msingi ya kundi hili ilikuwa shilingi milioni 74 kwa mwezi. Bajeti ya 2025/2026 tukaiandaa kwa kiwango hicho. Mei Mosi ikatangazwa nyongeza ya kima cha chini serikalini kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, na menejimenti yetu ikaamua, na mimi naona iliamua vizuri, kwamba watu wa mkataba nao wasogezwe. Mishahara ya msingi ikafika milioni 98. Watu wote walipiga hesabu ya mshahara. Michango inayopanda pamoja na mshahara hakuna aliyeigusa.

Sehemu ya mwajiri peke yake ni 15% PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), 3% NHIF (bima ya afya) na 0.5% WCF (mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini). Kwa milioni 74 ilikuwa 13,690,000 kwa mwezi. Kwa milioni 98 ni 18,130,000. Tofauti ni 4,440,000 kila mwezi, zaidi ya milioni 53 kwa mwaka, ambazo hazipo kwenye kasma (fungu la bajeti) yoyote.

Lakini hilo siyo linaloniuma zaidi. Makusanyo yakiwa madogo, ofisi ya fedha inalipa kile kinachobaki baada ya makato tu. Yaani mtu anapokea mshahara uliokatwa, hati yake inaonyesha makato, lakini ile fedha ya makato haikuwahi kutoka benki. Imekatwa kwenye karatasi. Leo ni Novemba, na tunadaiwa PSSSF miezi mitano, milioni 98. NHIF miezi mitatu, 17,640,000. WCF miezi mitano, 2,450,000. Jumla 118,090,000, bado tozo za kuchelewesha.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie mambo mawili. Kwanza, nikipewa fedha kidogo nianze na deni lipi? Pili, bajeti ya 2026/2027 ndiyo inaandaliwa sasa hivi: niiandikeje ili nisirudi hapa mwakani na swali hilihili?

---

Mchumi_Kijana

Dada, kwa mtazamo wangu usafi na ulinzi mngewapa wakandarasi. Mnalipa ankara moja kwa mwezi, michango inakuwa juu ya mkandarasi. Majiji mengi ndiko yanakoelekea.

---

MamaUtumishi

Asante kaka. Hilo lilishaletwa kwenye kikao na nililipinga. Walinzi wa jengo letu moja wako chini ya kampuni, na niliwahi kumuuliza mmoja namba yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii, akanijibu hajawahi kuiona. Miaka minne analinda lango la halmashauri. Gharama tumeihamisha kutoka kwenye vitabu vyetu, imemwangukia yeye. Kama mkataba na mkandarasi haumlazimishi kuleta uthibitisho wa michango ya kila mtu kabla hatujalipa ankara, mimi siukubali.

---

Mzee wa Vocha

Binti yangu, pole na kazi. Nimestaafu uweka hazina baada ya kuzunguka halmashauri tano, ya mwisho ilikuwa ya jiji. Nimesoma hesabu zako mara mbili, ziko sawa.

Nianze na hilo la kukata kwenye karatasi, maana ndilo ugonjwa wenyewe. Vocha ya mshahara, yaani hati ya kuidhinisha malipo, ikiandaliwa kwa kiasi cha mkononi tu, michango inakuwa deni siku hiyohiyo, na hakuna anayeliona mpaka mtu akwame hospitali au astaafu. Mimi nilipofika kituo changu cha mwisho nilikuta mtindo huohuo. Nilichofanya ni kukataa kusaini vocha ya mshahara isiyoambatana na za michango. Zote zinaingia kwenye mfumo siku moja, zinaidhinishwa siku moja, na namba za malipo za mifuko zinakuwa zimeshatolewa kabla. Mwezi ambao fedha haitoshi, mkurugenzi anaambiwa kabla ya mshahara kutoka, kwa maandishi, kwamba imepungua kiasi gani. Mwezi wa kwanza nilichukiwa. Tulichelewesha mshahara siku sita tukisubiri makusanyo ya stendi. Kuanzia mwezi wa nne hakuna aliyeuliza tena.

Ile sehemu ya mtumishi, 5% ya PSSSF na 3% ya bima, kwako ni 7,840,000 kwa mwezi. Hiyo si fedha ya halmashauri. Ni mshahara wa watu ambao ninyi mmeushika ili muufikishe mahali. Kwenye kikao usiiombe kama unavyoomba mafuta ya gari. Iseme hivyo hivyo: tumeshika fedha ya watu.

Sasa mpangilio wa kulipa. Anza na NHIF, yote 17,640,000, kwa mkupuo mmoja ikiwezekana. Ni deni dogo kuliko la pensheni na ndilo linalomgusa mtu leo usiku. Kadi moja inabeba mchangiaji, mwenza na wategemezi hadi wanne, kwa hiyo watu 187 waweza kuwa karibu roho elfu moja. WCF nayo iondoe hapohapo, milioni mbili na nusu ni fedha ya semina moja. PSSSF ndiyo ya kukaa mezani nayo. Andikeni barua, mkurugenzi asaini, mkiomba kulipa milioni 98 kwa miezi kumi, 9,800,000 kwa mwezi, juu ya mchango wa mwezi husika. Lakini msiahidi msichoweza. Ahadi iliyovunjwa mwezi wa pili inawafungia mlango wa mazungumzo.

Ndani ya deni hilo la pensheni, toa kwanza majina ya wanaokaribia umri wa kustaafu au ambao mikataba yao inaisha kabla ya Juni. Sisemi hili kwa kubahatisha. Kabla ya 2018, mifuko minne haijaunganishwa kuwa PSSSF, sisi wa serikali za mitaa tulikuwa LAPF. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi bomba, aliyestaafu akakutwa na miezi kumi na minne haina michango. Kosa halikuwa lake. Kila Jumanne alikuja na bahasha ya kaki, anakaa kwenye benchi la nje ya ofisi yangu, anavua kofia. Haombi chochote, anakaa tu mpaka saa sita halafu anasema "haya mwanangu, wiki ijayo." Ilituchukua miezi minane kukamilisha. Mpaka leo nikiona bahasha ya kaki namkumbuka.

Jambo moja zaidi. Usilipe hata shilingi kabla hujalinganisha orodha. Chukua orodha ya mfuko, chukua ya kwako ya mishahara, kaa nazo jina kwa jina. Utakuta watu walioacha kazi bado wanahesabiwa deni, na utakuta wanaokatwa ambao hawajasajiliwa kabisa. Wa aina hiyo ya pili ni hatari zaidi, kwa sababu hata mkilipa fedha haina pa kuingia.

---

AfyaMazingira

Naomba niongezee kwenye WCF, maana hata Mzee hapo juu ameipita haraka. Nasimamia timu za taka kwenye manispaa, na ndiyo michango ninayoiona ikidharauliwa kuliko yote kwa sababu ni midogo. Ni 0.5% ya mwajiri peke yake, hairuhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti.

Mwaka juzi kijana wetu mmoja, mpakiaji, alikamata mfuko wa taka uliokuwa na kioo cha dirisha ndani. Kilipita kwenye glovu kikakata kano za vidole viwili vya mkono wa kulia. Msimamizi wake, kwa nia njema kabisa, alimpeleka hospitali kwa kadi ya bima ya afya kama mgonjwa wa kawaida, akampa mapumziko, basi. Nilikuja kujua baada ya wiki tatu. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku saba. Tulihangaika na maelezo ya kuchelewa, tukatafuta mashahidi, daktari akajaza fomu upya. Ilipokubaliwa ndipo kijana akaanza kulipwa fidia ya muda ambao hawezi kufanya kazi, 70% ya mshahara wake; sheria inaruhusu hadi miezi 24. Matibabu pia yakahamia huko, mazoezi ya viungo ya mkono yakiwemo.

Kwa upande wa gharama, dada, ona hivi: ajali ya kazini isiporipotiwa, mnamlipa mtu mshahara wakati hayupo, mnalipa kibarua wa kuziba nafasi yake, na bima ya afya inabeba matibabu yasiyo yake. Fomu ya taarifa ya ajali mpe kila msimamizi wa zamu, awe nayo kwenye gari pamoja na kisanduku cha huduma ya kwanza. Sisi tulibandika na namba ya simu ya afisa utumishi ndani ya mlango wa kila gari la taka.

---

Kisauni_Halisi

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nilikuwa afisi ya rasilimali watu katika kaunti moja huku Kenya, na nilidhani haya ni yetu sisi tu.

Huku mzigo umekaa tofauti kidogo. Tangu Oktoba 2024 NHIF yetu ilipoondoka ikaja SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, mfanyikazi hukatwa 2.75% ya mshahara wote, na mwajiri hana sehemu yake. Aliyekuwa akipokea laki moja alikuwa akikatwa 1,700, sasa ni 2,750. Kwa hivyo wafanyikazi wanalia, lakini kaunti kwa upande huo haikuongezewa kitu. Kaunti huongezewa kwingine: kuna ushuru wa nyumba, 1.5% ya mfanyikazi na 1.5% ya mwajiri, na kuna michango ya pensheni. Juu ya hayo kaunti nyingi hununua bima ya ziada ya matibabu kwa zabuni kila mwaka.

Hiyo bima ya ziada ndiyo ilitufunza. Mkataba ulikuwa ukiisha Juni, na mwaka wa fedha huisha Juni vilevile. Julai fedha hazijaingia, zabuni haijakamilika, watu wanakaa bila bima wiki tano, sita. Mama mmoja wa idara ya maji alijifungua kwa upasuaji katikati ya wiki hizo. Baadaye tuliandika upya, mkataba uanze Oktoba uishe Septemba, usigongane na kufungwa kwa vitabu. Na tukaanza kuitisha ripoti ya matumizi kila robo mwaka. Tulipoisoma mara ya kwanza tuligundua sehemu kubwa ya fedha ya wagonjwa wa nje ilikuwa inakwenda kwa shinikizo la damu na sukari, watu walewale, dawa zilezile. Tukapeleka wauguzi kupima watu mahali pa kazi. Sitasema gharama ziliporomoka, lakini mwaka uliofuata tulikaa mezani na kampuni ya bima tukiwa na hesabu zetu, sio zao.

Dadangu, hata huko kwenu uliza kadi zinatumika kwa magonjwa gani. Sio kwa kuchungulia mtu, kwa ujumla tu.

---

MamaUtumishi

Shikamoo Mzee wa Vocha. Nawashukuru wote, na wa Mombasa pia. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilianza na orodha, kama Mzee alivyosema. Siku tatu, mimi na kijana mmoja wa masijala, rula na kalamu nyekundu. Orodha ya mfuko ina majina 192, yetu 187. Kumi na mmoja ni watu walioacha kazi, mmoja wao alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu, na bado alikuwa anahesabiwa. Kisha nikakuta wengine sita ndani ya 187 yetu wanaokatwa kila mwezi na hawana namba ya uanachama. Sita. Wawili ni wafagizi wa soko walioajiriwa Februari. Fomu zao za kujiunga zilikuwa kwenye droo ya mtu aliyehamishwa, zimejazwa, zina picha, hazikuwahi kupelekwa. Niliziangalia zile picha muda mrefu. Mmoja amevaa kitenge kizuri kabisa, alijiandaa.

Nimezipeleka mwenyewe.

Halafu nikaenda kwa mweka hazina. Sikwenda kugombana. Nilimwekea mezani nakala ya ile hati ya dereva na risiti ya 48,000, nikamwomba asome. Nikamwambia maneno ya Mzee, kwamba 7,840,000 kwa mwezi si fedha yetu. Alikaa kimya, kisha akaniambia yeye mwenyewe alirithi mtindo huu na hakuwahi kuona mtu akiusema kwa sauti. Timu ya menejimenti imekubali mambo mawili: NHIF yote milioni 17.64 italipwa kutokana na ada za leseni za biashara za mwezi huu, na kuanzia mshahara wa Desemba vocha zinatoka pamoja. WCF tayari imelipwa juzi. Kuhusu ile milioni 53 iliyokosekana, tunaiombea uhamisho kwenye mapitio ya bajeti ya nusu mwaka, itakuja kutoka kwenye posho za vikao na matengenezo ya samani. Kuna mkuu wa idara mmoja hakufurahi.

Kwa 2026/2027 nimeacha kuandika michango kama kasma moja ya jumla. Nimeweka kila nafasi kwenye mstari wake: mshahara wa msingi, 15%, 3%, 0.5%, halafu jumla ya kumwajiri mtu huyo kwa mwaka. Diwani akija kuniambia ongeza walinzi watano, namwonyesha namba ya mwisho, siyo ya mshahara tu. Mlinzi wa 500,000 kwa mwezi anatugharimu 592,500 kabla hajapewa sare.

AfyaMazingira, fomu za ajali nimechapisha nakala arobaini, Alhamisi ninaenda karakana kukaa na wasimamizi wa zamu. Wazo la namba ya simu mlangoni nimelichukua lilivyo.

Dereva alikuja jana. Mtoto amepona. Nilimweleza kila kitu, mpaka tarehe ambayo kadi itafunguka, nikamwandikia kwenye karatasi na kuweka sahihi yangu. Ile 48,000 nimeiandikia maombi arudishiwe na halmashauri, sijajibiwa bado.

Mzee wangu, ombi la mwisho. Ile barua ya PSSSF ya miezi kumi, mliambatanisha nini? Jedwali la majina, au jumla za mwezi zinatosha? Nataka kuipeleka Ijumaa kabla mkurugenzi hajasafiri.

---

Mzee wa Vocha

Marahaba binti yangu. Ambatanisha majina, mwezi kwa mwezi, na namba za uanachama, pamoja na wale sita ukishawapatia zao. Wale kumi na mmoja waweke kwenye jedwali la pili, na tarehe walizoacha kazi na nakala za barua. Kwa marehemu weka nakala ya cheti cha kifo, halafu uwatafute warithi wake, huenda kuna mafao hawajayafuata. Nakala moja ya barua mpe mkaguzi wa ndani. Na usiitume kwa mtu, ipeleke mwenyewe, ukagongewe muhuri wa kupokelewa.